Baiskeli Iliyoishia Masakta

Niliondoka Karatu kwa sababu ya kaburi lililokuwa halijafungwa. Aliyelala ndani yake alikuwa mzee wa Kidatoga wa Gendabi, wilaya ya Hanang, baba mzazi wa rafiki yangu Gidamis. Mimi si wa kabila lao. Ni Mwiraqw, mtoto wa mkulima aliyelima jirani na boma la mzee huyo. Baba yangu alipofariki nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama akafunga mizigo arudi kwao nyanda za juu na wadogo zangu, na mzee akamwambia, "Huyu mkubwa niachie, asome na wangu." Nikakaa kwake mpaka nilipomaliza kidato cha nne.

Kwa Wadatoga, mzee aliyeheshimika hazikwi siku moja mambo yakaisha. Kaburi lake, ambalo wenyewe wanaliita bung'eda, hujengwa kwa miezi mingi, udongo juu ya udongo, mpaka linampita mtu kimo. Kila ukoo na kila nyumba iliyoshikamana na marehemu hupewa sehemu yake ya kujenga. Siku ya mwisho watu hukusanyika kutoka mbali, tabaka la mwisho linawekwa, mtoto wa kiume anapanda juu, na kaburi linafungwa. Baada ya hapo hakuna anayeongeza hata konzi moja ya udongo.

Gidamis alinipigia simu wiki mbili kabla. "Mzee alikuachia sehemu, upande wa majirani wa jembe, ninyi wakulima. Alisema wazi: hapo ajenge Tluway. Tunafunga Jumamosi ile ya pili. Panda gari Alhamisi, Ijumaa uko hapa."

"Nakuja kwa baiskeli," nikamwambia.

Akacheka. "Wewe una miaka arobaini na sita, bwana."

"Na wewe je?"

"Ndiyo maana nina pikipiki."

Hakunielewa, au alinielewa akaniacha. Tulipochaguliwa kwenda sekondari Dongobesh, mzee aliona tunaporudi likizo tunatembea siku tatu, miguu imevimba. Akampeleka fahali mnadani na akarudi na baiskeli moja ya sisi wawili. Yeye mwenyewe hakuwahi kuipanda hata siku moja. Mama Gidamis alimtania mwaka mzima kwamba amebadilisha nyama kwa vyuma. Lakini kila likizo ilipofika, mzee alikuwa anasimama juu ya kichuguu nje ya boma kutazama vumbi letu kwenye mbuga, mmoja anaendesha na mwingine kwenye keria. Nilitaka nitokee tena kwenye mbuga ile, hata kama kichuguuni hayupo mtu.

Na nisiwe mnafiki, nilikuwa na sababu nyingine. Mimi sikai mahali. Nimekuwa utingo wa malori, nimechimba mawe, na miaka hii nawapikia watalii kwenye kambi. Nikikaa miezi minne kwenye nyumba moja naanza kusikiliza magari yanayopita. Nilipanga baada ya Gendabi niuzunguke mlima Hanang, nishuke Singida, niende hadi Tabora. Nilinunua tairi mbili mpya na raba mpya. Kwa miezi kadhaa miguu yangu ilikuwa na ganzi na kiu ilikuwa hainiishi. Ganzi niliisingizia baridi ya Karatu, na kiu nikaisingizia moshi wa jikoni.

Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, niliiacha Karatu nyuma. Ulikuwa mwisho wa mavuno. Barabara ya Mbulu inapanda na kushuka bila huruma, na mahali pengine udongo ni mwekundu na laini kama unga, tairi linazama. Pale nilishuka nikawa nasukuma kwa pembeni, kwenye majani makavu yenye matawi ya mgunga yaliyokatwa kuzibia mashamba. Nadhani ni hapo. Sikusikia kitu. Nilisukuma, nikapanda tena, nikaimba nyimbo za zamani za kwaya ambazo nilijua nusu tu.

Saa kumi jioni niliingia Mbulu mjini nikiwa nimekunywa chupa zangu zote tatu za maji na soda nne za njiani. Nilipanga chumba karibu na stendi, na asubuhi ya Jumatano mwili ulikataa kuamka. Sijawahi kulala siku nzima safarini. Siku ile nililala. Niliinuka mara mbili tu kwenda kunywa chai ya maziwa kwenye mgahawa ambao mlangoni mama mmoja alikuwa anauza vitunguu saumu. Aliniangalia akasema, "Kaka, umetoka kuugua?"

"Natoka Karatu kwa baiskeli."

"Basi ni kitu kimoja," akasema, na watu wakacheka, nami nikacheka.

Alhamisi niliamka na nguvu kidogo nikashika njia ya Dongobesh. Hii ndiyo niliyoijua kwa macho yaliyofungwa: mabonde ya kijani hata kiangazi, nyumba juu ya vilima, ng'ombe wachache waliofungwa karibu na mlango, mashamba yaliyochongwa ngazi ngazi. Nilipoikaribia Dongobesh nilitafuta mti ambao mimi na Gidamis tulikuwa tunapumzikia. Umekatwa. Mahali pake pana kibanda cha kuchaji simu. Sijui kwa nini jambo dogo kama lile liliniuma, lakini nilisimama nikakitazama kibanda mpaka kijana mwenye nacho akaniuliza kama nina simu imezima.

Dongobesh nilifikia kwa Mwalimu Boay, tuliyekaa naye dawati moja kidato cha tatu. Amenenepa, ana duka la pembejeo, na bado anacheka kwa kupiga paja. Mkewe, Mama Neema, alileta uji, nikanywa vikombe vitatu, nikaomba maji.

"Wewe Tluway," Boay akasema, "unakunywa kama ng'ombe aliyetoka mnadani."

"Barabara ina vumbi."

"Vumbi linaingia kooni. Wewe limeingia mpaka kwenye figo."

Asubuhi ya Ijumaa, wakati nakaza mnyororo uani, Mama Neema alikuja na chai, hakunipa. Aliishika mkononi.

"Shemeji, mlango wa chooni umelia mara saba usiku. Nimehesabu, maana kila ukilia mbwa anabweka. Dada yangu alianza hivyohivyo. Zahanati iko hapo, unatobolewa kidole tu, dakika tano."

"Nikifika Gendabi, shemeji. Kesho wanafunga kaburi."

"Basi panda gari," Boay akadakia. "Hiace ya saa mbili inakwenda mpaka Katesh. Baiskeli tunaifunga juu. Saa nane mchana uko kwa Gidamis unakula nyama."

Niseme ukweli: kulikuwa na sekunde ambayo nilitaka kusema ndiyo. Nilitazama Hiace pale ng'ambo, utingo wake anagonga bodi, watu wanapanda. Halafu nikaona jinsi nitakavyoshuka Gendabi nimekunjamana kati ya magunia, na baiskeli juu kama mzoga. Nikasema, "Nimetoka Karatu kwa miguu hii, nitaingia Gendabi kwa miguu hii."

Boay hakucheka. "Haya. Nani atakuona?"

Nilimaliza kukaza mnyororo. Mama Neema alimpa mumewe kikombe, naye akanipa, nikanywa. Hiace ikaondoka mbele yangu na vumbi lake.

Saa nne niliipita Bashanet, na saa sita nilikuwa kwenye ukingo ambapo nyanda za juu zinakatika na barabara inateremka kuelekea Dareda. Hapo ukisimama unaiona Hanang yote: mlima peke yake katikati ya mbuga, na wingu lake dogo kileleni. Nilikaa juu ya jiwe nikala mahindi ya kuchoma. Nilikuwa na furaha, naikumbuka vizuri, kwa sababu ndiyo ya mwisho ya aina ile. Wakati ninateremka breki zilinuka mpira, machozi yakawa yananitoka kwa upepo, na mguu wa kulia ukawa unateleza kwenye pedeli kila mara. Nilifikiri ni jasho limelowanisha soksi.

Kufika chini kwenye lami nilikuwa natetemeka na jua linawaka. Nilijisemea nitafika Gendabi usiku. Baada ya Endasak nikajisemea nitafika alfajiri. Kichwa kiligonga, na macho yakawa yanaona vitu viwiliviwili. Niliiacha lami nikafuata njia ya mashambani ya Masakta, nikidhani nafupisha, na saa kumi na mbili jioni nilikuwa kwenye ua wa nyumba ya bati katikati ya mbaazi na alizeti iliyokwisha kukatwa, napiga hodi huku nimeshikilia nguzo.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa makamo aliyejitambulisha kama Mama Paskali. Mkulima, Mwiraqw kama mimi. Hakuuliza maswali mengi. Aliniketisha kwenye kigoda, akaenda jikoni, akarudi na beseni la maji ya kunawa miguu, kama wanavyofanya kwa mgeni aliyetoka mbali. Aliliweka mbele yangu akageuka kuchukua ndoo.

Nilivua raba na soksi, nikatumbukiza miguu.

"Subiri!" akapiga kelele. "Sijatia ya baridi, hayo nimeyaepua sasa hivi!"

Nilimtazama. Mvuke ulikuwa unapanda mpaka magotini. Akatumbukiza ncha ya kidole, akakirudisha haraka na kukipuliza. Mimi miguu yangu ilikuwa mle ndani, na sikusikia chochote. Kwangu mimi yalikuwa maji tu.

Aliinyanyua yeye mwenyewe, mmoja mmoja, kama unavyomtoa mtoto kwenye matope. Ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu. Lakini sicho alichokuwa anakitazama. Alikuwa anatazama maji, yaliyokuwa yamebadilika rangi, kisha akaugeuza unyayo wa kulia kwenye mwanga wa mlangoni. Chini ya kidole gumba kulikuwa na tundu jeusi, limezungukwa na nyama iliyovimba, na kutoka kwenye lile tundu kilichungulia kichwa cha mwiba wa mgunga. Aliokota raba yangu, akaingiza mkono ndani. Mwiba ulikuwa umekatikia humo, umepita soli yote.

"Umeukanyaga lini?"

"Sijui."

"Hujui? Baba, mwiba huu ni mrefu kama kidole changu."

"Labda Jumanne."

Alifanya ishara ya msalaba. "Leo Ijumaa," akasema polepole, kama anamfundisha mtu siku.

Gidamis alipiga simu tukiwa hapo hapo, mguu wangu kwenye mapaja ya mama yule. Nilisikia vigelegele na ngoma nyuma yake. "Uko wapi? Wageni wa Singida wamefika. Mama anauliza kila saa."

"Niko njiani," nikasema. "Niko Masakta. Kesho mapema."

"Uko mzima?"

"Mzima kabisa."

Mama Paskali alisikia yote hayo. Aliosha kidonda kwa maji ya chumvi na kukifunga kwa kitambaa cha kanga.

Jumamosi, jua lilipochomoza, nilikuwa nimelowa jasho na mguu umejaa mpaka kwenye kifundo, una harufu. Nilimwomba aniitie pikipiki inipeleke Gendabi. Aliita. Kijana wa pikipiki alifika, nikapanda nyuma yake, na kabla sijajua Mama Paskali amejipakia nyuma yangu, ananishika kiunoni tusidondoke. Baiskeli tuliiegemeza kwenye ghala lake.

Kwenye njia panda nilisema, "Gendabi."

"Hospitali," mama akasema nyuma yangu.

Kijana akapunguza mwendo. "Nimsikilize nani? Nani analipa?"

"Mimi," nikasema. "Gendabi. Kuna kaburi la baba yangu linafungwa leo."

"Dereva," mama akasema, "ukimpeleka huko, wakishamaliza la baba yake wataanza kuchimba la kwake. Kata kulia."

Akakata kulia. Nilipiga kelele kidogo, sina haja ya kuficha. Halafu nikanyamaza, kwa sababu nguvu za kupiga kelele nilikuwa sina.

Hospitalini muuguzi alinitoboa kidole, akaweka tone kwenye kimashine cha kupimia sukari. Hakikuandika namba. Kiliandika herufi mbili tu, na muuguzi akatoboa kidole kingine, zikaja herufi zile zile. "Sukari yako imepita pale mashine inapojua kuhesabu," akaniambia. "Una kisukari tangu lini, baba?"

"Sina kisukari."

"Unacho, na cha siku nyingi." Akanigusa unyayo kwa pini. "Hapa unasikia? Hapa? Na hapa?"

Nikawa najibu hapana, hapana, mpaka alipofika karibu na goti.

Daktari alikuja, mtu kijana, mpole, aliyezungumza akitazama mguu na siyo uso. Alisema wataanza dripu, wateremshe sukari, kisha waingie chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Kidole gumba na cha pili haviwezi kubaki. Vingine wataviona wakishafungua. Nilimwuliza kama wanaweza kukifunga tu kidonda vizuri niende mahali kwa saa chache kisha nirudi. Ndipo aliponitazama usoni. "Nikikufunga uende, unaporudi tutakata hapa," akasema, na akaweka ubapa wa mkono chini ya goti langu.

Saa nne na nusu asubuhi simu iliita tena. Nilikuwa nimekwisha kuvalishwa gauni la kijani. Nyuma ya Gidamis hapakuwa na vigelegele sasa. Palikuwa na ule ukimya wa watu wengi wanaosubiri.

"Tluway, sehemu zote zimejengwa. Imebaki ya kwako. Wazee wanauliza. Uko wapi?"

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa machache: nimelazwa, nakatwa, jengeni. Lakini niliona boma zima limegeuka kutazama mbuga, na nikaona aibu ya mtu aliyekataa Hiace. Na kwenye kona moja ya kichwa changu, hata na gauni lile mwilini, niliamini kitu kitatokea na nitafika.

"Niko njiani," nikasema.

"Uko karibu?"

"Niko karibu."

Akakata. Muuguzi alikuwa anapima presha upande wa pili. Alifungua mkanda taratibu, akaukunja.

"Baba," akasema, "njia ipi hiyo?"

Walikata vidole vitatu. Nilipozinduka ilikuwa jioni na simu imezima chaji. Sikuomba mtu anichajie mpaka Jumatatu. Nilipoiwasha, hapakuwa na ujumbe wa Gidamis, na mimi sikupiga. Niliandika ujumbe mmoja mrefu nikaufuta, nikaandika mfupi: nililazwa, nimekatwa vidole. Alijibu kwa neno moja, "Pole." Kwa mtu niliyelala naye kwenye ngozi moja ya ng'ombe kwa miaka mitano, neno moja ni kidogo sana.

Nilikaa wodini wiki tano. Mama Paskali alikuja kila Jumapili baada ya misa, akiwa na maharage kwenye hotipoti na habari za mbaazi zake. Mara ya tatu aliniuliza kama ataendelea kuitunza baiskeli. Nilimwambia aiuze au ampe mtu. Daktari alikuwa ameniambia miguu isiyosikia haina pedeli tena. Siku moja ya safari kama ile na kitakachokatwa si vidole. Singida na Tabora nilizisikia zikitajwa na wagonjwa waliotoka huko, na nikawa nageukia ukutani.

Siku ya kutoka, Mwalimu Boay alikuja kunichukua kwa gari ndogo ya kukodi. Nilimwomba tupitie Gendabi kwanza. Hakuniambia, "Nilikuambia." Alifungua mlango wa mbele na kuuvuta mguu wangu taratibu ndani.

Saa saba mchana tuliingia Gendabi. Mbuga ilikuwa kavu, ziwa la magadi linameta mbali kama bati jipya. Kaburi nililiona kabla ya boma, kubwa kuliko nilivyodhani, limesimama peke yake, udongo wake umeanza kupasuka nyufa ndogondogo kwa jua. Gidamis alitoka kutupokea. Alinipa mkono, akanisaidia na magongo, akawa mtu mwema kwa kila kitu isipokuwa macho. Macho hakunipa.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, amevaa vazi lake la ngozi, bangili za shaba mikononi. Nilimwinamia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyeshe mguu."

Nikamwonyesha. Aliushika, akaugeuza, akapapasa palipokuwa na vidole kwa kidole chake kigumu. Machozi yalimlengalenga, na nilidhani ni hapo tutakapolia wote na yote yatakwisha. Aliuweka mguu chini.

"Tulikusubiri," akasema. "Gidamis alituambia uko karibu. Nikawaambia wazee, mtoto wangu yuko karibu, msifunge. Wakasimama juani. Watu wa Singida wakasimama. Watoto wakalia kiu. Nilipanda kwenye kichuguu pale, mimi mwenyewe na magoti yangu haya, nikatazama njia. Kila vumbi nikasema ndiye. Jua likafika hapa." Akaonyesha magharibi, chini sana. "Mtoto wa marehemu anapanda juu ya kaburi mchana, watu wamwone. Huyu alipanda jua likizama. Wazee wamekasirika mpaka leo."

"Nisamehe, mama. Nilikuwa..."

"Najua ulipokuwa. Nimejua wiki iliyofuata. Siku ile sikujua."

Nilimwuliza ni nani aliyejenga sehemu yangu. Gidamis akasema, akiitazama mbuga:

"Pengo haliwezi kuachwa. Na sehemu ile ni ya majirani wa jembe, mtu wa ukoo hawezi kuijenga. Kulikuwa na Mwiraqw mmoja amekuja na pikipiki kuuza soda. Wazee wakamwita."

"Muuza soda?"

"Muuza soda."

"Anaitwa nani?"

Gidamis akamtazama mama yake. Mama yake akatikisa kichwa. Hakuna aliyemwuliza jina. Aliacha kreti zake, akakunja mikono ya shati, akajenga, akanawa, akarudi kuuza.

Nilikwenda kaburini na magongo yangu, mama akinitangulia. Alizunguka upande wa mashariki akasimama. "Hapa," akasema. Nilitazama nikajaribu kuona mahali ambapo kazi ya mgeni inaanza na ya wengine inaishia. Sikuweza kupaona. Udongo ulikuwa umeshikana, mmoja.

"Alijenga vizuri," mama akasema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa ananiambia ukweli, kama anavyoambiwa mtu wa nyumbani. "Ana mikono mizuri yule."

Tulikaa mpaka tulipomaliza kula. Niliondoka nikijua jambo ambalo miaka yote ya kutangatanga haikunifundisha. Siku zote nilihesabu kwamba njia ni ya anayeisafiri, na akichelewa au akipotea ni juu yake. Sikuwahi kumhesabu yule aliyesimama upande wa pili, juani, ambaye hana namna ya kujua ila kwa neno nitakalompa. Mwiba ulinikata vidole. Mzee alinyimwa mchana wake na mdomo wangu.

Gidamis alinisindikiza mpaka kwenye gari, akayapanga magongo kiti cha nyuma, akafunga mlango. Halafu akainama dirishani na kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama.

"Ukifika piga simu," akasema. "Lakini useme uko wapi."

Nilimpigia saa tatu usiku. Nilimwambia niko Dongobesh kwa Boay, nimekaa kitandani, mguu unauma na umevuja kidogo kwenye bandeji, sukari nimepima ipo juu, na kesho sitasafiri. Nilisikia ng'ombe wake wakihema zizini.

"Haya," akasema. "Nimesikia."